Kugeuza tuta la reli ya zamani kuwa njia ya miguu na baiskeli, Lindi na Mtwara: anzeni pale linapokata barabara

Reli ya Jimbo la Kusini ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi, ikaelekea Nachingwea, baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Mradi wa karanga ulivunjwa 1951. Reli ikajikongoja miaka mingine kadhaa, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Kilichobaki ni tuta: kipande hiki ni kichaka, kile ni njia ya wapita kwa miguu, kingine kimeshapandwa mikorosho.

Tuta hilo ni mali. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo mahali pengi mwenye baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa anapanda bila kushuka. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: reli ilikata barabara popote ilipotaka, kwa sababu zama zile gari ndilo lililosimama kuipisha treni. Leo anayetokea kwenye tuta ni mtoto wa shule, na gari halisimami.

Ndiyo maana mwongozo huu haufuati mpangilio uliozoeleka. Kishawishi cha kikundi chochote ni kuanza na panga, kufyeka kilomita mbili, kupiga picha, kisha kufikiria barabara baadaye. Mkifanya hivyo mtakuwa mmewajengea watu njia nzuri ya kuwafikisha mahali pa hatari kwa haraka zaidi. Anzeni na kivuko, kisha rudini nyuma kwenye tuta.

Ardhi kwanza, kwa maandishi

Nendeni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, kisha kwa afisa ardhi wa halmashauri yenu, mkiwa na ramani ya kipande mnachokitaka. Ulizeni mambo matatu. Je, eneo bado liko chini ya Shirika la Reli (TRC), ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, au lina hati ya mtu? Je, limo kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi? Je, linaguswa na mpango wa reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay? Hili la tatu msilidharau. Kama kuna uwezekano wa reli kurudi, jengeni vitu vyepesi: kifusi, mitaro, nguzo zinazong'oleka. Msimwage zege kilomita nzima.

Njia ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, siyo halmashauri ya kijiji peke yake, na muhtasari uandikwe. Kikundi chenyewe kisajiliwe halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii, la sivyo hakuna ofisi itakayojibu barua yenu.

Kisha mikorosho. Mkorosho uliokua katikati ya tuta una mwenyewe, na kuukata bila makubaliano ni kesi. Mara nyingi hakuna haja ya kuukata. Punguzeni upana wa njia hadi mita 1.5 kwa hatua chache, mpite kando. Kwenye muhtasari andikeni wazi kwamba korosho zinazodondoka njiani ni za mwenye shamba. Linaonekana dogo, lakini ifikapo Oktoba ndilo litakalowagombanisha. Andikeni pia saa za kupuliza salfa: unga huo hupulizwa alfajiri majani yakiwa na umande, na mtoto anayepita shuleni saa hiyo ataupokea machoni.

Kupima kivuko

Kazi hii inahitaji watu wanne, simu yenye saa ya kupima sekunde, kamba ya mita 50, chaki na daftari. Ifanyeni Februari au Machi, majani yakiwa marefu. Mkipima Septemba baada ya moto kupita, mtaona mbali hadi mjidanganye.

Hesabuni kwanza. Kaeni toka saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku moja ya shule na siku moja ya gulio. Kila dakika 15 andikeni idadi ya malori, magari madogo na mabasi, pikipiki na bajaji, na upande wa pili wanaovuka: watoto, wazee, wenye baiskeli, wenye mizigo. Kwenye barabara ya Masasi, Mingoyo na Mtwara toeni safu ya peke yake kwa malori mazito, kwa sababu makaa ya mawe ya Ruvuma hushuka bandarini Mtwara kwa njia ya lori, na msimu wa korosho nao huongeza yake.

Kisha mwendo. Wekeni alama mbili kando ya barabara zilizoachana mita 100, mpimaji asimame mahali ambapo dereva hamwoni kirahisi. Dereva akiona watu wenye daftari hupunguza mwendo na vipimo vyenu vitakuwa vya uongo. Gari likipita alama hizo kwa sekunde 7.2 linakwenda kilomita 50 kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 60, sekunde 4.5 ni 80, sekunde 3.6 ni 100. Pimeni magari 100, yapangeni kuanzia la kasi zaidi, mchukue la 15. Huo ndio mwendo wa kufanyia hesabu. Wastani hautoshi, kwa sababu anayeua hayupo kwenye wastani.

Sasa macho. Mtu mmoja asimame mwisho wa njia, mita 2 kutoka ukingo wa lami, achuchumae hadi macho yawe mita 1 kutoka chini. Huyo sasa ni mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwingine atembee kando ya barabara na fimbo ya mita 1.2 mpaka ncha ya fimbo ipotee machoni. Pimeni umbali huo kwa kamba. Rudieni upande wa pili, na rudieni ng'ambo ya barabara.

Umbali unaohitajika hupatikana hivi. Lami ya mita 6.5 au 7, ukiongeza hatua ya kuanzia na ya kumalizia, ni kama mita 8. Mtoto au mama mwenye ndoo kichwani huenda kama mita 1 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 8. Ongezeni 2 za kuangalia na kuamua. Katika sekunde 10, gari la kilomita 50 kwa saa linakuwa limekula mita 140, la 80 mita 222, la 100 karibu mita 280. Kivuko chenu kikionyesha mita 120 kwenye barabara ambayo magari yanakimbia 80, mtu anaanza kuvuka barabara ikiwa tupu na gari linamkuta katikati. Dereva wa gari dogo akiwa 80 anahitaji kama mita 130 kusimama, ukihesabu na muda wa kushtuka. Lori lenye shehena linataka zaidi, na barabara ikiwa na maji zaidi tena.

Kivuko kikishindwa kipimo

Kuna njia nne, na zijaribiwe kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni kufyeka na kupogoa. Mkorosho ndio msumbufu mkuu hapa kwetu, kwa sababu matawi yake hulala hadi karibu na ardhi na kuziba kila kitu kuanzia kimo cha mtoto. Kupogoa matawi yaliyo chini ya mita 2, kwa ruhusa ya mwenyewe, mara nyingine huongeza makumi ya mita bila kuua mti. Kumbukeni kwamba kwenye barabara kuu na za mkoa hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na humo ndani hamgusi kitu bila kibali cha TANROADS. Barabara za wilaya na mitaa ni za TARURA.

Ya pili ni kuhamisha kivuko. Pale reli ilipokatia siyo lazima muendelee kukatia hapo. Kama kuna kilele cha mlima au sehemu iliyonyooka mita 40 au 80 pembeni, pelekeni njia huko. Watu hawatazunguka kwa sababu bango limewaambia. Watazunguka kwa sababu njia ya mkato imezibwa. Pandeni mkonge au minyaa kwa mistari miwili kwenye mdomo wa zamani, mkonge nusu mita kwa nusu mita, na muweke udongo mzuri kwenye njia mpya ili iwe laini kuliko ile ya zamani. Ukuta wa miiba ukiwa na tundu moja, mtajua ndani ya wiki, kwa sababu tundu hilo litakuwa limegeuka njia.

Ya tatu ni kupita chini. Angalieni kama karibu kuna daraja au kalavati la boksi lenye kimo cha mita 2.2 au zaidi. Kiangazi ni njia salama kuliko zote. Masika lifungeni kwa kamba na kibao, na kivuko cha juu kiwepo kama mbadala.

Ya nne ni kuomba mwendo upunguzwe: vibao, rasta, matuta, zebra. Hapa kuna kosa linaloumiza watu. Zebra iliyochorwa kwenye barabara ya mwendo wa 80 bila kitu cha kumpunguza dereva ni hatari kuliko kutokuwepo, kwa sababu anayevuka anaiamini na dereva haioni. Rangi haisimamishi gari. Ombeni kwanza cha kupunguza mwendo, zebra ije baada yake. Na kamwe msijijengee tuta la udongo au zege barabarani. Ni kosa kisheria, na la kwanza kuanguka usiku ni bodaboda wa kijijini kwenu.

Barua iende kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na mkuu wa trafiki wa wilaya. Iwe ukurasa mmoja na viambatanisho: mahali kwa nguzo ya kilomita na kwa vipimo vya simu, jedwali la hesabu, orodha ya mwendo wa magari 100, umbali wa kuona kila upande, picha nne, muhtasari wa mkutano wa kijiji. Msiandike «tunaomba mtusaidie». Andikeni mlichokipima na mnachokiomba. Mhandisi aliyepewa namba anaweza kuziingiza kwenye bajeti. Aliyepewa malalamiko ataweka kwenye jalada.

Mkitaka watu wa kuvusha watoto asubuhi, mwombeni mkuu wa trafiki wa wilaya awafundishe na awape idhini. Mtu aliyejivalia kizibao na kuingia barabarani kusimamisha lori hana mamlaka, na breki za lori hazijui nia yake njema.

Mwisho wa njia: mita 15 zinazoamua

Baiskeli nyingi za mizigo breki zake ni kiatu cha mwendeshaji. Kwa hiyo njia isifike barabarani kwa kunyooka wala kwa mteremko.

Mita 15 za mwisho zipindeni mara mbili, kona ya kwanza kushoto na ya pili kulia, ili baiskeli ifike kwa mwendo wa mtu anayetembea. Njia imalizike ikiwa imekatana na barabara kwa pembe ya mraba, ili mtu aone pande zote mbili bila kugeuza shingo hadi mgongoni. Mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 20. Kama barabara imeinuliwa juu ya tuta kwa mita moja, mpando wenu unahitaji mita 20 za urefu, siyo 8.

Mwishoni jengeni sakafu bapa ya kusimamia, urefu mita 3, upana mita 2.5, unene sentimita 10. Hiyo ni zege ya mita za ujazo 0.75, yaani mifuko 5 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4. Kwa kila mfuko wa kilo 50 wekeni ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo za lita 20, na maji lita 25 hivi. Mchanga wa pwani msiuguse: chumvi yake hula nondo na nguzo hupasuka. Chukueni mchanga wa mto. Sakafu hii ina kazi nyingine isiyoonekana: inazuia magurudumu kubeba changarawe hadi kwenye lami, ambako pikipiki huteleza. Iko ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo kibali kinahitajika, na ingieni nayo kwenye barua ileile.

Kuzuia magari, nguzo moja katikati ya njia ya mita 2.5 inatosha. Inaacha kama mita 1.15 kila upande, ambapo baiskeli ya mkaa na kiti cha magurudumu hupita. Haitazuia bodaboda. Kizuizi kinachozuia bodaboda kitamzuia pia mwenye kiti cha magurudumu, na hakuna ujanja wa fundi unaokwepa hilo. Bodaboda huzuiwa na sheria ndogo ya kijiji yenye faini, na wao wenyewe wakishirikishwa tangu mkutano wa kwanza.

Nguzo iwe ya zege, sentimita 15 kwa 15, urefu mita 1.5, nusu mita iwe ardhini, nondo nne za milimita 8 na ringi kila sentimita 20. Mfuko mmoja wa saruji unatoa nguzo nne. Nguzo za mbao mchwa watazimaliza. Za chuma zitauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hata vibao vya chuma vitobolewe matundu mengi ili visifae kwa kazi nyingine. Pakeni nyeupe na mkanda unaoakisi mwanga pande zote mbili, kwa sababu nguzo isiyoonekana usiku ni mtego.

Tuta lenyewe

Baada ya hayo ndipo panga. Fyekeni upana wa mita 4, njia yenyewe mita 2.5. Ng'oeni visiki, msivikate juu tu. Kisiki cha sentimita tano kilichofichwa na majani kinapinda rimu. Buti ngumu na fimbo ndefu ya kupigapiga mbele ni lazima, kwa sababu tuta kavu lenye mawe ni nyumba ya kifutu na swila. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisitikiswe, kisichanjwe wala kufyonzwa, apelekwe mara moja hospitali iliyo karibu, iwe Nyangao, Ndanda, Sokoine au Ligula. Dereva na gari wawe wameshapangwa kabla kazi haijaanza.

Kinachoua njia ni maji. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya lami ya Lindi na Dar es Salaam. Njia ya kifusi haihitaji kimbunga, mvua moja ya Januari inatosha. Tembeeni juu ya tuta mvua ikinyesha, mweke kigingi kila mahali maji yanapovuka au kusimama. Vigingi hivyo ndiyo michoro yenu ya uhandisi.

Makalavati ya reli yazibuliwe kwanza, mengi bado mazima chini ya matope. Palipobomoka wekeni mapipa ya zege ya kipenyo cha sentimita 60, manne au matano ya mita moja moja, mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, na kifusi cha sentimita 40 juu yake. Madogo zaidi ni rahisi kwa bei, lakini hayaingii jembe wala mtu, na yakiziba mara moja ndiyo basi. Kwenye mdomo jengeni ukuta wa mawe. Mawe ya reli yaliyobaki yanafaa hapo, na kama msingi kwenye udongo mweusi wa mabonde. Kuyaacha kama uso wa njia hapana, baiskeli haziendi.

Kwenye makato, ambako reli ilichimba kilima, chimbeni mitaro pande zote mbili, upana sentimita 50, kina 40, na michirizi ya kutolea maji pembeni kila mita 30 hadi 50 pale panapowezekana.

Kifusi kizuri kijaribuni kwa mkono. Loweka kiganja kimoja, finyanga mpira, udondoshe kutoka kiunoni. Ukivunjika vipande vichache, unyevu na mchanganyiko ni sawa. Ukisambaa kama unga, ni mkavu au mchanga mtupu. Ukibaki mzima kama chapati, umelowa au una mfinyanzi mwingi, na masika utakuwa utelezi.

Kwa kila mita 100 za njia ya mita 2.5 yenye unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa, hitaji ni mita za ujazo 25, lakini agizeni 32 kwa sababu kifusi hunywea. Kwa Fuso linalobeba mita 6 ni safari 5 au 6. Mwageni sentimita 13, katikati kuwe juu kuliko pembeni kwa sentimita 5, nyunyizieni maji, shindilieni. Kifusi kikavu kinataka lita 3,000 hadi 4,000 za maji kwa mita hizo 100, na hapa ndipo miradi mingi ya Agosti hukwama: watu wapo, kifusi kipo, maji hayapo. Kifusi kilichoshindiliwa kikavu huonekana safi siku ya uzinduzi na hugeuka vumbi ndani ya mwezi. Juni ardhi ikiwa na unyevu ndiyo wakati wake. Shindilio linatengenezwa kwa kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege na kuchomekwa bomba la mpini. Uzito wa kilo 8 hadi 10 unatosha, ukizidi hapo watu wanachoka kabla ya saa nne.

Kalenda na matunzo

Vipimo Februari na Machi. Mikutano na barua Aprili na Mei. Ujenzi Juni hadi Septemba, kwa siku maalumu ya wiki, watu 12 hadi 15 wakigawanywa: wanaomwaga, wanaosawazisha kwa kamba, wanaoshindilia, wa maji. Walio karibu na barabara wavae vizibao vya kuakisi mwanga, na hakuna koleo wala toroli kuachwa kwenye bega la lami hata dakika moja. Oktoba hadi Desemba msiite mtu yeyote, wako kwenye korosho.

Isipokuwa siku moja ya matunzo. Hiyo ni mwanzoni mwa Novemba, kuzibua makalavati na mitaro kabla ya mvua. Siku ya pili ya matunzo ni katikati ya Januari, kufyeka pembe za kivuko, kwa sababu shule hufunguliwa majani yakiwa yanapanda kwa kasi, na wapo watoto wapya wa darasa la kwanza ambao hawajawahi kuvuka hapo. Siku hiyo rudieni kipimo cha kuchuchumaa, pande zote mbili, mkiandika namba kwenye daftari lilelile. Ikishuka chini ya mita mlizozihitaji, fyekeni tena kabla ya Jumatatu.